Mawe Mawili Mfukoni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 21:28–36, Law. 19:11–14, 33–36, Kum. 25:13–16, Amo. 8:4–6; Yer. 32:6–15, Mit. 20:14, Zab. 15, Mdo 5:1–11.

Fungu la Kukariri: Mithali 11:1. Kila mwanafunzi alisome katika Biblia yake, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi mizani ya sokoni inavyohusiana na ibada.

Mfanyabiashara wa nyakati za Biblia alibeba mawe ya kupimia mfukoni, kila jiwe na uzito wake. Mdanganyifu alikuwa na mawe mawili yaliyofanana kwa macho: zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Mteja aliliona jiwe, lakini hakuujua uzito wake. Hivyo mtu aliweza kuibiwa mchana kweupe bila neno moja la uongo kutamkwa.

Mawe hayo leo yamebadilika sura. Miongoni mwa vitu ambavyo watu wa kawaida huuziana, ni vichache vyenye siri nyingi kama gari lililotumika. Rangi, viti na matairi vinaonekana na kila mtu. Kilichomo ndani ya injini anakijua aliyekuwa akiliendesha. Somo la juma hili linachunguza wajibu wa muuzaji anayejua ubovu ambao mnunuzi hauoni.

JUMAPILI
Ng'ombe Aliyejulikana

Chukulia kwamba ndugu mmoja katika milima ya Upare, wilayani Same, ana Hiace ya dizeli yenye 4WD. Kwa miaka kadhaa imepandisha abiria na kushusha magunia ya tangawizi, hata wakati wa masika, njia inapokuwa utelezi na magari mengine kubaki chini. Sasa maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Gari likipanda mlima mrefu, mshale wa joto nao unapanda. Kwenye kifuniko cha kujazia oili kuna utando mweupe kama maziwa. Fundi ameona mapovu kwenye rejeta na kutoa jibu lake: gasketi ya silinda hedi imeungua. Hedi lazima ishushwe, ikapimwe kama imepinda au imepasuka. Gharama kamili haitajulikana mpaka injini ifunguliwe.

Chukulia pia kwamba gari hilo likiwa zima lingeuzwa shilingi milioni 14, na kwa ubovu huo bei yake ya haki ni milioni 10. Zile milioni 4 zilizo katikati ndizo ada ya binti yake chuoni. Hapo ndipo jaribu lilipo.

Soma Kutoka 21:28–36. Ni jambo gani linalobadilisha hukumu ya mwenye ng'ombe?

Ng'ombe akiua mtu kwa pembe na hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hakuhesabiwa hatia. Lakini kama tabia hiyo ilijulikana tangu zamani, naye hakumfunga, hukumu ilikuwa nzito. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Tofauti iko katika kile mwenyewe alichokijua.

Kabla ya kwenda kwa fundi, ndugu huyu angeweza kusema kwa moyo safi kwamba hajui tatizo ni nini. Baada ya kuambiwa, hawezi tena. Na yule anayeona dalili zote hizo, kisha akakwepa kwenda kwa fundi ili asiambiwe, je, yeye ni msafi? Kutotaka kujua nako ni namna ya kujua.

JUMATATU
Kikwazo Mbele ya Kipofu

Soma Mambo ya Walawi 19:11–14. Kwa nini amri kuhusu kipofu imewekwa pamoja na amri kuhusu wizi, uongo na ujira wa kibarua?

Anayeweka kikwazo mbele ya kipofu hana haja ya kumsukuma. Anaweka jiwe njiani, anaondoka, na kipofu anaanguka mwenyewe. Pengine hatajua kamwe ni nani aliyeliweka. Ndiyo maana amri hiyo inamalizika kwa kumtaja Mungu na agizo la kumcha, kwa maana Yeye aliona.

Mbele ya injini iliyofungwa, karibu kila mnunuzi ni kipofu. Nao wanaojua kuweka vikwazo ni wengi. Dalali anaweza kumshauri ndugu yule amwite mnunuzi asubuhi, injini ikiwa baridi na rejeta imejazwa, kisha ampe gari alijaribu kilometa mbili kwenye lami tambarare. Halitachemka. Mwingine atamshauri amwage ndani ya rejeta dawa ya kuziba, ambayo huweza kutuliza tatizo kwa siku chache. Wapo wanaojaza oili nzito ili moshi upungue, wanaoosha injini ing'ae, na wanaorudisha nyuma kilometa kwenye dashibodi.

Hakuna hata moja kati ya hila hizo inayohitaji maneno. Kila moja ni jiwe lililowekwa njiani kimya kimya.

Fikiri sasa juu ya mnunuzi. Ni kijana aliyekopa SACCOS ili ajiajiri kwa kubeba abiria. Wiki ya pili, gari limejaa, anapanda mlima na injini inachemka mpaka inazimika. Injini ikizimika, breki na usukani huwa vizito. Nyuma yake kuna mteremko, na ndani ya gari kuna akina mama waliotoka sokoni na watoto wao. Kikwazo kilichowekwa kwa ajili ya mtu mmoja kimefika miguuni pa watu ambao muuzaji hakuwahi kuwaona.

JUMANNE
Kimya Kinachosema

"Hakuniuliza." Hili ndilo kimbilio la kwanza la muuzaji anayeficha.

Soma Matendo 5:1–11. Dhambi ya Anania ilikuwa nini hasa, ikiwa shamba na fedha vyote vilikuwa mali yake?

Petro hakumlaumu kwa kubakiza fedha. Alisema wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Dhambi ilikuwa kuileta sehemu na kuiacha ionekane kuwa yote. Zaidi ya hayo, Luka ameandika uongo uliotoka kinywani mwa Safira, lakini hakuandika hata neno moja lililosemwa na Anania. Tunaloambiwa ni kwamba aliiweka fedha miguuni pa mitume. Hata hivyo Petro alimwambia kwamba amemwambia Mungu uongo. Kitendo chake kilikuwa kimeshasema.

Ndivyo ilivyo kwa gari. Bei ya gari zima iliyotajwa juu ya gari bovu ni tangazo kwamba gari ni zima. Wala maneno "linauzwa kama lilivyo" hayamwokoi muuzaji, isipokuwa amekwisha kueleza lilivyo. Yakitangulia maelezo, ni makubaliano ya watu wawili wanaojua. Yakichukua nafasi ya maelezo, ni pazia.

Kuna jambo zito zaidi. Mnunuzi akisikia kwamba muuzaji ni shemasi wa kanisa, anaweza kuona hakuna haja ya kuja na fundi. "Huyu ni Msabato, hawezi kunidanganya." Hapo jina la Mungu limekuwa sehemu ya biashara, na imani ya mnunuzi imemwondolea kinga yake. Muuzaji akinyamaza, hakuvunja amri moja tu. Soma Kutoka 20:7, 16.

JUMATANO
Soko Lisiloaminika

Soma Amosi 8:4–6. Wafanyabiashara hawa walikuwa na uhusiano gani na Sabato?

Waliitunza kwa nje. Maduka yalifungwa na magunia yakakaa, lakini mioyo yao ilikuwa ikihesabu saa za jua kuzama ili warudi kwenye kipimo kilichopunguzwa na makapi ya ngano waliyoyauza kama chakula. Nabii hakuwasifu kwa kupumzika. Sabato isiyogusa mizani ya Jumapili asubuhi haijamgusa mtu.

Aliyeumia kwanza, asema Amosi, ni maskini. Na madhara hayaishii kwa aliyepunjwa. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Hoja yake ni rahisi kueleweka. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha gari zima na bovu, anaogopa na kutoa bei ndogo kwa yote. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimfai, analiondoa sokoni. Mabovu yanabaki. Woga unazidi, na bei inashuka tena.

Hivyo anayeficha ubovu hamwibii mnunuzi wake peke yake. Anamwibia pia jirani mwaminifu atakayeuza gari zuri mwezi ujao na asiaminiwe. Kumbukumbu la Torati 25:13–16 inafungamanisha kipimo cha haki na kudumu kwa watu katika nchi, kwa sababu watu wasioweza kuaminiana hawawezi kukaa pamoja. Na Walawi 19:33–36 inaweka mgeni na mizani katika agizo moja: dalali wa kutoka mbali asiyejulikana kanisani anastahili ukweli ule ule anaopewa mshiriki.

ALHAMISI
Hati na Mashahidi

Soma Yeremia 32:6–15. Ni hatua zipi zilizofanya ununuzi wa shamba la Anathothi uwe wazi?

Fedha, shekeli 17, zilipimwa kwa mizani. Hati iliandikwa na kutiwa muhuri, mashahidi wakatia sahihi, na kulikuwa na nakala iliyofungwa na nakala iliyo wazi. Zote ziliwekwa katika chombo cha udongo zipate kudumu. Muuzaji alikuwa binamu wa nabii, lakini undugu haukuchukua nafasi ya maandishi.

Kwa mfano huo, mwenye Hiace anajua la kufanya. Anautaja ubovu kabla ya kutaja bei. Anamruhusu mnunuzi aje na fundi wake, afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, kisha alipandishe gari mlimani. Anaeleza pia uzuri wa gari bila aibu: kwamba magurudumu yote manne yanavuta na bodi haijaoza. Mkataba unaandikwa mbele ya mashahidi, ukitaja gasketi na hedi kwa majina yake. Kadi ya gari inakabidhiwa, na umiliki unahamishwa TRA.

Mnunuzi naye ana mizani yake. Soma Mithali 20:14. Akisikia ubovu umekiriwa, asiutumie unyofu wa mwenzake kama fimbo, akikuza tatizo la milioni 4 liwe la milioni 8 kwa kuwa anajua ada inadaiwa.

Biblia haiahidi kwamba atakayesema kweli atapata milioni 14. Zaburi 15:4 inamsifu mtu ashikaye neno lake ingawa linamletea hasara, na hasara hiyo ni ya kweli. Ndugu yule atapokea milioni 10, na ada ya binti yake bado itakuwa na pengo. Hapa kanisa nalo linapimwa. Kanisa linalohubiri uaminifu siku ya Sabato, kisha likamwacha mwaminifu peke yake na gharama ya uaminifu wake siku ya Jumatatu, nalo limebeba mawe mawili mfukoni. Soma Wagalatia 6:2.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Elimu, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1903, Ellen G. White ana sura nzima kuhusu kanuni za biashara. Isome pamoja na Luka 19:1–10. Zakayo hakusubiri waliodhulumiwa waje kudai. Alitaja kiasi cha kurudisha akiwa amesimama mbele ya Yesu, na wokovu ukafika nyumbani mwake siku ile ile. Kwa aliyekwisha kuuza kwa kuficha, mlango haujafungwa. Yesu aliyeingia nyumbani mwa mtoza ushuru anaweza kumpa mtu ujasiri wa kupiga simu kwa mnunuzi wake wa zamani, na neema ya kukaa mezani naye wakapatana namna ya kulipa.

Maswali ya Kujadili:

1. Mnunuzi ni fundi mwenye uzoefu, na hakuuliza lolote kuhusu injini. Je, wajibu wa muuzaji unapungua? Tumia Walawi 19:14 kujibu.

2. Dalali ndiye anayezungumza na wateja, na mwenye gari hakutani nao. Atahakikishaje kwamba ukweli unamfikia mnunuzi?

3. Mshiriki amegundua kwamba gari alilouziwa na mshiriki mwenzake lilikuwa na ubovu uliofichwa. Mathayo 18:15–17 inamwongozaje?

4. Darasa lenu linaweza kufanya nini, kwa fedha au kwa kazi, kumsaidia mshiriki aliyepata hasara kwa sababu alisema kweli? Taja jambo moja mnaloweza kulifanya juma lijalo.