Wasio na Kaburi

Kila mwaka, tarehe 27 Februari, Songea huwakumbuka mashujaa wa vita vya Maji Maji. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji wa Kingoni, wakawafukia katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wao, ambaye mji umeitwa kwa jina lake, ana kaburi lake. Ila inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakitafuta. Dua husomwa, majina hutajwa. Ni wajibu, na unatimizwa.

Lakini kila nikiiwaza siku hiyo, fikra zangu huwaendea wasiotajwa.

Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Risasi hazikugeuka maji. Hata hivyo hazikuua wengi kama ilivyoua njaa. Kapteni Wangenheim wa jeshi la Wajerumani aliandika kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zitakazowatiisha watu kabisa. Basi vijiji vikachomwa, mashamba yakafyekwa, nafaka ya ghalani ikaporwa au kutiwa moto.

Hapa sipendi kupita haraka. Mkulima hali mavuno yote. Mahindi ya mbegu huyaning'iniza juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu, na hata nyumba ikilala njaa hayaguswi. Anayeichoma nyumba hiyo amechoma na mavuno ya mwakani. Namfikiria mama aliyejificha porini na wanawe, akarudi, mvua ikanyesha vizuri kabisa, jembe analo, cha kupanda hana.

Waliokufa wanakadiriwa kuwa 75,000, wengine husema 300,000. Kati ya tarakimu hizo mbili wapo watu 225,000 ambao hatuna hakika hata kama tuwahesabu. Kila mmoja aliitwa jina, na yupo aliyemlilia, mpaka aliyelia naye akafa.

Muislamu akifika makaburini huwasalimu waliolala humo. Wakatoliki huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba. Aliyeangukia njiani akitafuta mizizi ya kula, asizikwe na mtu, tutamsalimu wapi? Naamini Mungu anamjua. Imani hiyo hunipa utulivu, lakini hainiondolei deni, kwa sababu Mungu hakuwahi kuhitaji kumbukumbu zetu. Wanaozihitaji ni watoto wetu.

Mtoto akisimuliwa mashujaa peke yao, atajifunza ujasiri. Akisimuliwa ile njaa pia, atajua kwamba watu wenye akili timamu waliketi wakaamua njaa iwe silaha. Atalitambua jambo hilo siku litakaporudi, hata likija na bendera nyingine, hata likiamriwa kwa lugha yetu wenyewe. Na asifichwe kwamba wengi wa askari waliotia moto yale maghala walikuwa Waafrika.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha, akakutana na wajukuu wa Nduna Songea. Ukoo ule una wa kuitika. Waliokufa kwa njaa, nani awaitikie? Msamaha ni haki ya aliyekosewa, nami naona vigumu kuutoa kwa niaba ya watu ambao hatujawatafuta.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee walioviona vita vile. Wazee hao wameshatangulia. Wajukuu wao wapo Kilwa, Liwale na Mahenge, na sasa ndio wazee. Msibani, watu wanapokaa kuhesabu ukoo, pengine hufika mahali nasaba ikakatika ghafla, babu fulani akawa hana kaka wala dada, na mzungumzaji akaruka kwenda tawi jingine. Hapo ndipo pa kumsimamisha kwa adabu na kumuuliza: mzee wangu, hawa wengine walikwenda wapi?