Je, Ahadi ya Mchezoni ni Ahadi?

Mwaka 2012 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, liliungana na Mojang, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Humo watu wengi huingia pamoja mahali pasipokuwapo, wakajenga kwa matofali yasiyoshikika, kila mmoja akiiona kazi ya mwenziwe. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo pa kuujaribu: wakaazi walionyesha mchezoni vipi wataka viwanja vyao viwe.

Wako wasemao kuwa huo ni upuuzi, maana tofali lisilonyeshewa na mvua si tofali. Nasi twasema: ramani ya fundi nayo si nyumba, wala hakuna aiitaye upuuzi. Mahali ni pa kuwazia. Waliokutana ni watu khasa.

Basi tuchukulie kijana wa Soweto West ameketi na mhandisi, akaulizwa taa iwekwe wapi. Akasema, "Hapa, kwani hapa ndipo dada yangu apitapo usiku." Je, jawabu hilo ni mchezo? Hasha! Ni amana. Aliyeuliza amejifunga: ama aitie taa, ama arudi amweleze kijana kwa nini hakuitia. Kumtaka masikini shauri kisha kulitupa ni kumdhihaki, na dhihaka haigeuki elimu kwa kufanywa ndani ya kompyuta.

Na kijana naye asibomoe alichojenga mwenziwe kwa kuwa uso wake hauonekani.

Ahadi ni deni, po pote ilipotolewa.