UFA UTAUPAKA RANGI MPAKA LINI?



Kijana uliyepewa karatasi hii, usiikunje ukaitupa. Isome kwanza, ni dakika tano tu. Sikuletei dini wala dhehebu. Nataka nikusimulie habari ya nyumba yetu, fundi mmoja, na mifuko tisa ya simenti. Ukimaliza, utaamua mwenyewe.

FUNDI WA MANENO MATAMU

Mwaka 1997 nilikuwa kijana kama wewe, kule Shinyanga. Baba alikuwa ameshafariki, akatuachia nyumba ya vyumba vitatu, mimi, mama na mdogo wangu. Hela nilikuwa nazo. Soko la pamba lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, nami nikapata kazi ya ukarani wa mizani kwa mnunuzi mmoja. Mkulima analeta pamba, mimi napima, naandika, analipwa. Ikumbuke hiyo mizani, maana tutairudia.

Nyumba yetu ilikuwa na ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka upandeupande mpaka chini. Wenyeji wa Shinyanga wanaujua udongo wa mbuga. Ni mweusi, na kiangazi unapasuka hata unaweza kuingiza mkono mzima ardhini. Mvua ikinyesha, unakunywa maji na kuvimba. Kila mwaka unavimba na kusinyaa, na nyumba iliyo juu yake inanyanyuliwa na kushushwa. Mwisho ukuta unachoka, unapasuka.

Nikatafuta fundi. Nilitaka aongeze chumba kimoja na baraza, halafu aurekebishe ukuta wa zamani. Alikuja na futi yake mfukoni na kalamu sikioni. Mama akamwambia, "Baba, naomba mchimbe mpaka chini. Huu ufa marehemu aliuziba mara mbili, unarudi." Fundi akacheka. "Mama, usiwe na shaka. Huo ni ufa wa lipu tu. Nikipiga lipu mpya na rangi, hutauona tena."

Maneno hayo yalinifurahisha. Kuchimba ni hela nyingi na kazi ndefu. Lipu na rangi ni wiki mbili, na marafiki wanakuja kushangaa! Nikanunua mifuko 20 ya simenti, nikampa na hela mkononi. Hatukuandikishana chochote. Sikumwuliza hata nyumba moja aliyowahi kuijenga.

Alimaliza upesi kweli. Nyumba ikang'aa. Nikaita washikaji, tukanywa bia barazani mpaka usiku wa manane. Ufa? Haukuonekana kabisa. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akipita pale, anaugusa ukuta, ananyamaza.

USIKU WA MVUA

Mwishoni mwa mwaka ule zikaja mvua za El Niño. Waulize wazazi wako, watakwambia. Mvua ile iliendelea mpaka 1998, barabara, reli na madaraja vikakatika nchini. Na kule kwetu mbuga ikanywa maji mpaka ikashiba.

Usiku mmoja mdogo wangu alikuwa amelala katika chumba chenye ule ukuta. Tulisikia mlio kama wa gunia linaloangushwa. Tulipofika na taa ya chemli, ukuta ulikuwa juu ya kitanda. Tulifukua kwa mikono, mama analia, mimi nachimba. Tulimtoa hai. Lakini mguu ulikuwa umevunjika mara mbili, na mpaka leo hii anachechemea.

Asubuhi, kulipokucha, nikaona siri ya fundi. Lipu ilikuwa mchanga mtupu wenye udongo, unaivunja kwa vidole. Ndani yake ufa wa zamani ulikuwa palepale, umejazwa vipande vya tofali na karatasi za mifuko ya simenti. Chini ya chumba kipya, mahali pa msingi, hakukuwa na nondo wala zege la maana. Na kibarua wake akanieleza ukweli: kati ya mifuko yangu 20, tisa iliuzwa usiku.

"MIZANI YAKO INAKULA KILO NGAPI?"

Nikachukua rafiki zangu wawili, tukaenda kumtafuta. Nia yetu ilikuwa kumpiga. Tulimkuta kwenye kilabu cha pombe. Hakukimbia. Alinitazama usoni akasema:

"Bosi, unalia kwa mifuko tisa? Mizani yako inakula kilo ngapi? Baba yangu amekuletea pamba misimu mitatu. Nyumba yako imejengwa na pamba ya baba yangu. Mimi nimechukua chetu."

Rafiki zangu wakacheka, wakidhani ni utani. Mimi sikucheka. Kijana mwenzangu, ilikuwa kweli! Mizani ile niliichezea. Kila mzigo nilikata kilo mbili, wakati mwingine tatu. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wananishukuru, "Asante mwanangu," na mimi nawaibia machoni pao. Nilikuwa navaa shati safi, nachangia misiba, mtaani naitwa kijana mwema. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa ukuta uliopigwa lipu!

Nikarudi nyumbani bila kumgusa. Nilimkasirikia fundi kwa kuuficha ufa wa nyumba yangu, na mimi nilikuwa nimeuficha ufa wa moyo wangu miaka yote.

NA WEWE JE?

Rafiki, ufa wako uko wapi? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Labda ni bangi unayovuta ukiwa peke yako. Labda ni pombe. Labda ni yule binti uliyempa mimba ukamkana, au ile mimba uliyoitoa na hakuna anayejua ila Mungu. Labda ni wizi kazini. Labda ni chuki kwa baba aliyekutelekeza. Unapaka rangi: nguo nzuri, muziki, utani wa kijiweni, "niko poa." Wengine wanapaka rangi ya dini. Wana jina la ubatizo, Krismasi wanaonekana kanisani, lakini chini hapajachimbwa.

Biblia inaijua kazi ya mafundi wa namna hii. Soma Ezekieli 13:10-15. Watu walijenga ukuta dhaifu, na manabii wa uongo wakaupaka chokaa na kuwaambia kuna amani. Mungu akasema italeta mvua na mawe ya barafu, ukuta utaanguka, na msingi wake utaonekana wazi. Soma na Mathayo 7:24-27. Yesu anasimulia nyumba mbili, moja juu ya mwamba, nyingine juu ya mchanga. Angalia vizuri: mvua iliyozipiga ni ileile moja. Siku ya jua huwezi kuzitofautisha. Ni dhoruba inayosema ukweli.

Na dhoruba haipigi hodi. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka asubuhi, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lingine likaanguka Kariakoo, watu wako madukani wanauza na kununua. Sisemi waliokufa walikuwa na dhambi kuliko sisi. Hapana! Yesu mwenyewe alikataa wazo hilo walipotajwa watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4-5). Alichosema ni kwamba sisi tulio hai tutubu, maana hakuna anayeijua saa yake.

FUNDI ANAYECHIMBA

Nyumba yetu ilikuja kutengenezwa na fundi mwingine, mzee mpole. Hakugusa rangi. Alisema, "Kwanza tuchimbe." Akautoa ule udongo mweusi mpaka akafika kwenye ardhi ngumu, akajaza moramu na kuishindilia, akafunga nondo, akamwaga zege. Kisha akalimwagilia maji siku saba na zaidi, maana zege likikaushwa haraka halina nguvu. Akachimba na mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua mbali na ukuta. Mwezi mzima hakuna cha kumwonyesha jirani, ni shimo tu! Lakini nyumba ile imesimama mpaka leo.

Yesu ni fundi wa namna hiyo. Hatakupaka rangi. Atachimba. Na gharama ya kuchimba alilipa yeye, kwa damu yake pale msalabani. Paulo anaandika kwamba hakuna msingi mwingine awezao mtu kuuweka zaidi ya huyu (1 Wakorintho 3:11).

Mwaka 1998 ulifanyika mkutano wa Injili uwanjani. Nilisimama mbali, nyuma, nimeegemea baiskeli. Mhubiri alipoita watu, niliona miguu yangu inatembea. Nililia kama mtoto. Nikamwambia Yesu habari ya mizani, kilo kwa kilo.

Wiki ile niliacha kazi ile. Kisha nikaenda kijijini kwa mzee, baba yake yule fundi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu, nikamwekea hela nilizopata kwa kuuza redio na baiskeli. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, kilo nilijua. Nilikuwa nakuombea." Kumbe alikuwa mtu wa maombi!

Na mwanawe? Mifuko yangu tisa hajanilipa mpaka leo. Nimemsamehe. Mguu wa mdogo wangu haukunyooka, na kila nikimwona anatembea, nakumbuka gharama ya lipu. Wokovu haukufuta yaliyotokea. Ulinibadilisha mimi.

UFANYE NINI SASA?

1. Kubali kwamba ufa upo. Usiseme ni wa lipu tu.
2. Tubu. Mwambie Yesu dhambi kwa jina lake.
3. Mpokee awe Bwana, achimbe hata pale unapoona aibu.
4. Tengeneza na watu uliowakosea, kama Zakayo (Luka 19:8).

Kama uko tayari, omba hivi kwa moyo wako wote:

*Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeficha mengi, lakini wewe unayaona. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni, uchimbe, uweke msingi mpya. Nijaze Roho wako Mtakatifu. Tangu leo mimi ni wako. Amina.*

Umeomba? Mbinguni wanashangilia! Usirudi nyumbani kimyakimya. Njoo mbele ya jukwaa, watumishi wa Mungu wanakusubiri wakuombee. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ubatizwe, anza kusoma Injili ya Yohana kila siku.

Bado hujaamua? Sitakulazimisha. Ila usiku wa leo ukilala, sikiliza vizuri. Mawingu yakikusanyika, rangi haitakusaidia.

*Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.*