Wageni Wetu wa Kipupwe

Kipupwe kikiingia, wenyeji wa Rungwe huamka wasiuone mlima wao. Ukungu huufunika Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, ukashuka juu ya mashamba ya chai na migomba, na katika mji wa Tukuyu mtu humtambua jirani yake kwa sauti kabla ya kumwona uso. Kule Mpuguso, penye chuo cha ualimu, mwenye kutaka kukimbia asubuhi hana budi kukanyaga umande ulio baridi kama maji ya kisima. Na ni katika majira hayo hayo watoto wa shule nchini mwetu hushindana kwa michezo. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na ya UMISSETA kwa sekondari, huanza shuleni, hupanda hata wilaya, kisha mkoa, na mwisho taifa. Na mara nyingi huangukia miezi ya Mei, Juni na Julai. Mataifa ya mbali yana michezo yao ya theluji. Sisi theluji yetu ni ile ya vilele virefu tu, nayo yazidi kupungua. Lakini michezo ya baridi tunayo, nayo ndiyo hii.

Tuseme basi kwamba zamu ya kuwapokea wageni wa mkoa mzima imewaangukia watu wa Tukuyu na vijiji vyake. Twajua mara moja yatakayotendeka. Nyasi zitafyekwa, mistari itachorwa kwa chokaa, magoli yatapakwa rangi, na mahali pa kuketi wakubwa patapambwa kwa vitambaa. Vipaza sauti vitajaribiwa tangu alfajiri mpaka majirani wachoke. Haya yote ni mema, wala hatuyadharau. Mji uliotoa Tukuyu Stars, timu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, una haki ya kujivunia uwanja wake. Lakini twauliza: ni nani anayewaza habari za usiku?

Maana mchezo ni wa mchana, na mgeni ana usiku pia. Katika Mkoa wa Mbeya wako watoto wa Kyela, nchi ya joto kando ya Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga na kakao, iliyo chini ya Tukuyu kwa mita 1,000 na zaidi. Wako watoto wa Chunya, wanaojua vumbi na jua. Wako wa Mbarali, kutoka mabonde ya Usangu. Mtoto wa miaka kumi na miwili hutoka kwao na shuka nyepesi moja, kwa kuwa kwao shuka hiyo yatosha. Jioni anafika Tukuyu, anaonyeshwa darasa, anatandika godoro lake jembamba juu ya saruji. Dirisha moja halina kioo. Usiku ule halali, anahesabu majogoo. Asubuhi anaitwa kukimbia mita 800, na anafika wa mwisho, na watu waliolala chini ya mablanketi mawili wanamcheka.

Nani aliyemshinda mtoto huyo? Wenzake wamemtangulia, ndiyo, lakini sisi wenyeji tulikuwa tumekwisha kumshinda usiku, kabla filimbi haijapulizwa.

Mtume Paulo aliijua michezo. Katika sura ya tisa ya barua yake ya kwanza kwa Wakorintho aliwakumbusha habari za wakimbiaji uwanjani, na za taji linaloharibika wanalolitafuta kwa kujinyima mengi. Wakorintho walimwelewa upesi, kwa kuwa wao walikuwa wenyeji wa michezo. Karibu na mji wao, penye shingo ya nchi, mashindano makubwa yalifanyika kila baada ya miaka miwili, na wageni walitoka pande zote za Ugiriki. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, akifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Priskila. Mahali penye wageni wengi hivyo, fundi wa mahema hakosi kazi. Nasi twaweza kufikiri, bila kudai kuwa twajua, kwamba mikono iliyoandika barua zile ilipata kumtengenezea mgeni wa michezo mahali pa kulala.

Wengi wetu huishia hapo kwenye sura ya tisa. Hubiri juu ya michezo hupenda mkimbiaji na taji, juhudi na nidhamu, nasi tumeyasikia hayo mara nyingi. Lakini geuzeni kurasa mpaka sura ya kumi na moja. Hapo mtume yule yule awakemea wenyeji wale wale wa michezo, kwa kuwa wakikutana kula karamu ya Bwana wenye mali hutangulia kula na kunywa, na maskini wafikao wamechelewa kutoka kazini hukuta vyombo vitupu. Huyu ana njaa, na yule amelewa. Agizo lake ni fupi sana: wakikutana kula, wangojane. Katika sura moja wakimbie ili washinde, na katika nyingine wasimame wangojane. Mtume hakuona vita kati ya mambo hayo mawili, wala sisi tusione. Uwanjani mbio, mezani na malazini kungojana.

Watu wa Rungwe hawahitaji kufundishwa jambo hili kana kwamba ni geni. Wanyakyusa wana neno lao, ukwangala, yaani raha na wema wa kukaa pamoja na wenzako, kula pamoja na kuzungumza. Mama mmoja mtaalamu wa mila, Monica Wilson, aliyeishi kati yao katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotolewa mwaka 1951. Alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka katika nyumba za baba zao, wakajenga kijiji chao wenyewe. Na ilipofika saa ya kula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mama wa Kinyakyusa hakumpikia mwanawe peke yake. Alipika akijua kwamba mwanawe atakuja na rika lake nyuma yake. Vijiji vile vya rika leo havipo kama vilivyokuwa. Lakini je, akina mama wale hawakuacha wajukuu?

Tena katika Rungwe sisi Wakatoliki si wengi wala si wa kwanza. Wamoravian walifika huko mwaka 1891, na Walutheri wako. Basi ikiwa wageni watakuja, jumuiya zetu ndogo ndogo zisijifungie kutayarisha chakula cha watoto Wakatoliki tu, kana kwamba baridi huuliza cheti cha ubatizo. Bwana wetu Yesu Kristu, alipotaja mgeni atakayepokewa au kuachwa nje, hakutaja dini yake. Jambo moja tu twaliomba kwa ajili ya dini: ratiba ya Dominika isiwanyime watoto nafasi ya kusali, kila mmoja kwa desturi ya kwao.

Yako mengine, nasi tutayataja kwa ufupi kwa kuwa kila mtu ayajua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako wenyeji walioelewa kwamba apone mfukoni. Chumba hupanda bei kabla basi la kwanza halijafika, na sahani ya wali kwa maharage hupungua wali, hupungua na maharage. Mfanyabiashara apate faida yake ya haki, lakini mwalimu aliyekuja na wanafunzi ishirini asigeuzwe shamba la kuvuna. Na kwa habari ya wasichana, twasema wazi: mlango wa bweni lao uwe na kitasa kizima, na mwalimu wa kike alale humo humo. Vijana wa mjini wanaokunywa pombe na kuzungukazunguka penye malazi ya wageni wana wazazi, na wazazi hao baadhi yao husoma gazeti hili.

Asidhani mtu kwamba mataifa yenye fedha huyaweza mambo haya kuliko sisi. Mji wa Lake Placid, Marekani, ulipokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1980, nao ni mji mdogo ambao wakazi wake hawafiki hata 3,000. Wachezaji wengi walilazwa katika majengo yaliyojengwa kwa nia ya kuwa gereza baadaye, na michezo ilipokwisha yakawa gereza kweli. Darasa la Tukuyu lenye blanketi na uji wa moto ni jumba la kifalme likilinganishwa na hilo.

Lakini kutoka katika michezo hiyo hiyo ya theluji twapata pia habari njema, nayo yamhusu jirani yetu. Philip Boit ni Mkenya, mzaliwa wa Bonde la Ufa. Hakuwa ameona theluji mpaka mwaka 1996, alipopelekwa Finland kujifunza kukimbia kwa mbao za kuteleza zinazofungwa miguuni. Tarehe 12 Februari 1998, katika michezo ya Nagano, Japani, alishindana katika kilomita 10, Mkenya wa kwanza kufika katika Olimpiki za baridi. Aliyeshinda alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa mabingwa wakuu wa mchezo ule. Boit alianguka na kuinuka, akaanguka na kuinuka, akamaliza wa 92, nyuma ya wote, kwa muda uliozidi ule wa bingwa kwa dakika 20. Wenye shughuli walitaka kumvisha bingwa nishani yake. Yeye akakataa kuondoka. Alisimama katika baridi mpaka Mwafrika yule alipovuka mstari, akamkumbatia. Boit alirudi kwao, na alipopata mtoto wa kiume alimpa jina Dæhlie.

Mtu aweza kusema kwamba bingwa alikuwa na nafasi ya kuwa mkarimu kwa kuwa amekwisha kushinda. Naam, na wenyeji pia wana nafasi: wako kwao, moto wao unawaka, mablanketi yao wanajua yalipo. Aliye kwake daima ameshinda mbio moja kabla ya mgeni kuanza.

Basi twawaomba ndugu zetu wa Rungwe, na wa kila mji wa milimani utakaopata zamu hiyo, Njombe, Makete au Mbulu, waanze mapema. Dominika mbili kabla ya wageni kufika, baada ya Misa, viongozi wa jumuiya wakae dakika chache na kuandika: nyumba ipi yaweza kuazima blanketi moja, ipi mawili, nani ana kuni kavu, nani ataamka saa kumi kupika uji. Wapeleke karatasi hiyo kwa wazee wa Kimoravian na wa Kilutheri, ili orodha iwe moja. Dirisha lisilo na kioo lizibwe, hata kwa ubao. Na mablanketi yafike madarasani siku ya kwanza kabla jua halijatua, yasingoje usiku wa tatu, mtoto wa Kyela akiwa amekwisha kuanza kukohoa.