Waya na Tawi

Huko Japani wako watu waleao miti midogo katika vyungu, nayo huitwa bonsai. Mlezi hulizungushia tawi waya wa shaba uliolainishwa motoni, kisha hulipinda polepole hata lipate umbo alitakalo. Baada ya miezi, tawi likiisha kuzoea, waya huondolewa.

Labda mtu atauliza: Je, ni haki kukipinda kitu chenye uhai kwa kuwa sisi twapenda umbo fulani? Mti haukuulizwa. Wazee husema, Samaki mkunje angali mbichi. Lakini hawakutuambia ni lini mkono uachie.

Waya watufundisha. Tawi hunenepa, waya haunenepi. Ukisahauliwa, huzama katika gome na kuacha kovu la miaka mingi. Wala mlezi mwenye ujuzi haufungui kwa kuuzungusha, asije akavunja tawi. Huukata vipande vipande. Waya hupotea, tawi huokoka.

Basi, ajitwaliaye haki ya kupinda amejitwika deni la kuangalia. Msonobari mmoja ulioanza kulelewa mwaka 1625 ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Hakuna waya uliodumu miaka hiyo yote. Kilichodumu ni macho ya walezi.

Nasi tuleao watoto na wanafunzi, tujiulize: ni amri ipi tuliyoifunga kwa upendo, nayo sasa yala gome?