NANI ASIMAME KARIBU NA MIZANI?

Pamba ikiisha kuchumwa, mkulima wa Magu huipeleka mahali pa kuuzia, huiweka juu ya mizani, kisha hungoja. Jasho la miezi mingi, ada za watoto na bati za nyumba, vyote hutegemea mizani ile itasema nini. Basi, hapo ndipo twapenda kulitazama swali linaloshindaniwa na wengi: umaskini utaondolewa na biashara huria, au na mkono wa Serikali?

Wengine husema: Mwacheni mfanyabiashara, mashindano yenyewe yatapandisha bei. Wengine hujibu: Huyo hutafuta faida yake tu, Serikali na ishike yote. Sisi wa kando ya Ziwa hatuna haja ya kubahatisha, kwa maana tumeyaonja yote mawili.

Zamani wazee wetu walinung'unikia sana mizani ya hila ya wanunuzi. Lakini hawakuishia kunung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka watu wao wa kuhakiki uzani, wakajiunga pamoja chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vyao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla ya Uhuru shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, ikayapa mashirika ya umma kazi ya kununua mazao. Ni kweli, malalamiko ya wizi na uongozi mbaya yalikuwapo. Walakini mgonjwa hatibiwi kwa kuuawa, na sheria ya mwaka 1982 ilibidi ivirudishe vyama hivyo.

Mwaka 1994 mlango ulifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wengi walikuja, na fedha taslimu zikaonekana. Lakini mikopo ya mbegu na dawa ilidhoofika, kwa kuwa aliyekopeshwa na huyu aliweza kumwuzia yule. Tena, tuseme kweli bila kujipendelea, wako wakulima waliotia mchanga na maji katika pamba ili iwe nzito. Hila haina kabila wala cheo.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kwa njia ya vyama vya msingi. Mwaka 2019 bei ilipangwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakangojea malipo yao kwa muda mrefu. Amri yaweza kutaja bei, lakini haiwezi kuijaza mifuko fedha.

Twajifunza nini? Kwamba mfanyabiashara akiachwa peke yake na mizani, maskini huumia. Na ofisa wa Serikali akiachwa peke yake nayo, maskini huumia vilevile. Papa Leo wa XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alitetea haki ya mtu kuwa na mali yake na haki ya wafanyakazi kujiunga pamoja. Mwaka 1931 Papa Pius wa XI alifundisha kwamba mkubwa asimnyang'anye mdogo kazi ambayo mdogo aweza kuitimiza mwenyewe. Mafundisho hayo yafaa Magu kama yafaavyo Ulaya.

Kwa hiyo faida ya mnunuzi si dhambi, mradi isitoke katika hila. Serikali ina wajibu wa kukagua mizani, kuwaadhibu wadanganyifu na kuwalinda wanyonge. Bali haina haki ya kuumeza ushirika. Na mwanachama asiyehudhuria mkutano wala kudai kusomewa hesabu, huyo amewafungulia wezi mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Enyi akina baba na mama, msimu utakapofika msiulize tu ni nani atakayenunua. Ulizeni pia ni nani aliyechaguliwa kusimama karibu na mizani kwa ajili yenu, na kama mnamjua kuwa mtu wa haki. Kisha kila mmoja aufungue mzigo wake mwenyewe kabla ya kuupeleka, aone kama hamna mchanga ndani yake.