Niko Sawa Tu, Sista

Kuna jibu ambalo wauguzi wa kliniki za saratani jijini Nairobi wamelizoea. Muuguzi anauliza, "Mama, kifua kinaendeleaje?" Naye mama, aliyepumzika mara mbili kwenye ngazi kabla ya kufika pale, anajibu, "Niko sawa tu, sista. Tunamshukuru Mungu." Hasemi uongo. Ndivyo alivyolelewa: aliye hai hashtaki, hushukuru. Uungwana huu naupenda, na mimi mwenyewe hujibu hivyo hivyo. Ila kwa mtu aliyetibiwa saratani ya mapafu, unaweza kumgharimu pumzi yake.

Mionzi ikitolewa kwa nia ya kuponya, mgonjwa huenda hospitali siku tano kwa wiki, wiki sita mfululizo. Ni safari 30 hivi, na kipimo cha jumla hufika kama grei 60 (grei ni kizio cha mionzi). Mtu wa Kawangware hupiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi. Mtu wa Kibera, akiwa bado na nguvu, aweza kwenda kwa miguu hadi Kenyatta, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine ya mionzi. Wiki hizo zina mateso yanayoonekana. Uchovu unamlaza mchana, ngozi ya kifua inakuwa nyeusi, umio unawaka hata tonge la ugali linashuka kwa machozi. Watu wanaona na wanahurumia. Wanaleta uji.

Siku ya mwisho inafika, kanisa linamwombea, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Hapo ndipo penye hatari. Kati ya mwezi mmoja na miezi sita baada ya mionzi kwisha, wagonjwa wengine huanza kikohozi kikavu, homa ndogo ya kuja na kutoka, na kuishiwa pumzi. Ni uvimbe wa pafu zima, lile lisilo na saratani, ambalo lilikuwa kwenye njia ya mionzi. Madaktari hupanga miale kwa uangalifu ili sehemu ya mapafu inayopata grei 20 au zaidi isizidi takriban theluthi moja, lakini hakuna mpango unaoweza kulikwepa pafu lote. Uvimbe ukigunduliwa mapema, tembe za steroidi huutuliza, zikipunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Ukiachwa, unaweza kumfikisha mtu kwenye oksijeni. Miezi inavyosonga, makovu nayo hukaza, na pafu lenye kovu halitanuki tena.

Sasa tuseme mgonjwa huyu anauza mandazi Gatina, Kawangware. Kikohozi mtaani kina jina lake, nalo ni TB. Si ajabu alikwisha kunywa dawa za TB kwa miezi sita kabla ya mtu yeyote kuwazia saratani; madaktari wa Kenya wanalijua kosa hilo vizuri. Kikohozi kikirudi, duka la dawa linampa antibiotiki, na jamaa wananong'ona kwamba ugonjwa umerudi. Yeye ananyamaza. Amechangiwa mara mbili. Kulikuwa na harambee ya vipimo, ikaja harambee ya nauli na chakula wakati wa mionzi. Ataanzaje kusema kwamba bado? Tunasema mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo imewasomesha watoto wengi na kuwajengea watu nyumba. Uvimbe wa pafu hauijui. Kila wiki anayovumilia ni wiki ambayo tembe za bei nafuu zingefanya kazi.

Mtu atasema mashine ya kupima pumzi ipo, haidanganyiki kwa adabu. Ni kweli ipo. Unabanwa pua kwa kibanio, unavuta pumzi hadi pasibaki nafasi, kisha unapuliza kwenye mrija huku mtaalamu akikuhimiza, "Puliza, puliza, puliza, usiachie!" hadi macho yanatoa maji. Mashine inahesabu hewa iliyotoka kwa jumla, na iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Kipimo hiki kilienezwa na daktari John Hutchinson wa London mwaka 1846. Miaka michache baadaye, huko Marekani, daktari Samuel Cartwright, mtetezi wa utumwa, alikitumia kudai kwamba mapafu ya mtu mweusi ni madogo kuliko ya mzungu. Dai hilo halikufa naye. Kwa miongo mingi mashine zilipangwa kumkatia mtu mweusi asilimia 10 hadi 15 ya pumzi anayotarajiwa kuwa nayo, kwa hiyo aliyepungukiwa aliandikiwa kwamba yuko kawaida. Ni mwaka 2023 ndipo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kiliposhauri vipimo visivyotazama rangi. (Na hata hilo lina makali yake: kwa hesabu mpya, mgonjwa mweusi anaweza kuonekana ana pafu dhaifu mno kwa upasuaji ambao ungemponya.) Basi "niko sawa tu" haikuwa ya mama wa Gatina peke yake. Mashine nayo ilifundishwa kumsemea.

Ndiyo maana nayaamini zaidi maswali ya kawaida. Madaktari wana ngazi ya maswali ya pumzi iliyoanzia kwa wachimba makaa ya mawe wa Wales: je, unahema ukipanda mwinuko mdogo? Unaachwa nyuma na wenzako mnapotembea tambarare? Gatwekera, kule Kibera, hakuna haja ya kuuliza habari za mwinuko, kwani kupanda hadi mtaa wa Olympic ni mtihani tosha. Ningekuwa mimi muuguzi, ningeuliza: mtungi wa lita 20, siku hizi anakubebea nani? Hapo adabu haina pa kujificha. Akisema "mtoto wa jirani, tangu mwezi jana," umepata jibu ambalo kibanio cha pua hakikulipata.

Kibera iliwahi kuonyeshwa namna nyingine ya kuugua. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, mtoto wa mtaa huo huo, alitangaza mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo mpana, tena ya hatua ya nne. Hakutafuta maneno ya kuizungukia. Alifariki tarehe 26 Julai mwaka huo. Wapo waliosema ni rahisi kusema ukweli ukiwa mheshimiwa na umetibiwa Paris, na hoja hiyo siipuuzi. Aliyechangiwa na kikundi cha akina mama ana deni ambalo mbunge hana.

Lakini deni hilo tumelitengeneza sisi wachangaji, tunapotaka mgonjwa atulipe kwa kupona. Tumezoea kuuliza "umepona?" na swali lenyewe limebeba jibu tunalolitaka.

Linabaki suala la moshi. Mgonjwa akirudi nyumbani na pafu lililopungua, saa kumi na mbili jioni majiko yanawashwa ploti nzima. Kuta ni za mabati, na moshi wa makaa wa nyumba ya pili unaingia bila kubisha. Kwenye kibanda hicho hicho kinachouza mkebe wa makaa, sigara zinauzwa moja moja, ingawa sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 inakataza. Je, amwombe jirani asogeze jiko? Naona ana haki ya kuomba, kwa sauti, bila kuanza na "samahani" tatu. Na jirani, ambaye huenda ndiye aliyemletea uji wakati wa mionzi, naye ana haki ya kumuuliza gesi ya kupikia badala ya makaa atainunua kwa pesa gani.